Shajara ya mradi: oili ya giaboksi, transfa na difu kwenye Land Cruiser ya kubebea asali, Tabora

Mwanzoni mwa Agosti: gari na sababu ya kazi

Gari la mradi huu ni Land Cruiser pikapu, HZJ79, lenye injini ya dizeli ya 1HZ ya silinda sita na ujazo wa lita 4.2, giaboksi ya mkono ya gia tano, na transfa, yaani kisanduku cha gia kilicho nyuma ya giaboksi, inayounganisha magurudumu ya mbele pale tu dereva anapoamua. Mwenye gari ni mjomba wangu, ambaye hununua asali kwa wafugaji wa nyuki wa Sikonge na Ipole na kuileta Tabora mjini kwa ndoo. Saa ya gari imeshapita kilomita laki nne. Injini imetunzwa kwa uaminifu: oili na filta hubadilishwa kwa wakati wake, na daftari la dereva linaonyesha kila tarehe. Lakini ukitoka kwenye klachi kurudi nyuma, daftari halina neno hata moja. Hakuna anayekumbuka ni lini oili ya giaboksi, ya transfa au ya difu zote mbili (visanduku vya gia vya ekseli ya mbele na ya nyuma) ilimwagwa mara ya mwisho, na yamkini baadhi yake ndiyo iliyokuja na gari lilipoteremshwa bandarini.

Nimechagua Agosti kwa sababu msimu mkubwa wa kurina asali umepita, njia za msituni zimekauka, na gari linaweza kulala uwanjani bila kuvuruga biashara. Isitoshe, katika mvua zilizopita, zile zinazoanza Novemba na kuishia Aprili, gari lilivuka maji mengi kwenye mbuga zinazofurika upande wa Ipole na njia ya Rungwa, na maji ni adui wa kwanza wa difu. Dereva naye ametaja mambo mawili. Kwanza, gia ya pili hukataa kuingia asubuhi na hukwaruza mpaka gari lipate joto. Pili, kuna mvumo mwembamba unaosikika chini ya sakafu kwenye lami ya Sikonge, hasa anapoachia mguu wa mafuta.

Kabla sijaanza, watu wawili watatu walinishauri kwamba gari la umri huu lisiguswe oili yake ya gia, kwa maana oili mpya inaweza kulimaliza. Ushauri huu naujibu kwa kirefu kwa sababu umewazuia wenye magari wengi kufanya kazi ya lazima. Chanzo chake ni giaboksi za otomatiki. Ndani ya otomatiki kuna sahani za msuguano zinazobanwa kwa shinikizo la oili. Sahani hizo zikichakaa, unga wake hubaki ukielea kwenye oili, na inaaminika kwamba unga huohuo ndio unaozisaidia sahani zilizokwisha kuendelea kushikana. Oili safi ikiingia, sahani huanza kuteleza na lawama yote huangukia oili. Hata katika hali hiyo, oili mpya haikuharibu kitu ambacho kilikuwa kizima. Giaboksi ya mkono, kwa upande wake, haina sahani za namna hiyo ndani yake. Klachi yake ni kavu na inakaa nje ya oili. Meno ya chuma na beringi hayapati faida yoyote kutoka kwenye oili chafu, na unga wa chuma unaozunguka humo husaga beringi katika kila kilomita. Kwa hiyo gari lililotembea sana ndilo lenye haja kubwa zaidi ya kazi hii, na mjomba alikubali tuifanye.

Vifaa na uchaguzi wa oili

Bolti za kujazia na kumwagia oili kwenye gari hili karibu zote ni za soketi ya 24. Nyingine nilizoandaa ni brashi ya waya, washa mpya za alumini, bomba la mkono la kusukumia oili, sumaku, tambara jeupe la pamba, na chupa safi za maji za lita moja na nusu ambazo nilizikausha juani kwa ajili ya kupimia kila oili inayotoka. Chupa hizo, kama itakavyoonekana mbele, ndizo zilizofichua tatizo kubwa la gari hili. Mtu anayemwagia oili kwenye karai moja, ya giaboksi juu ya ya difu, anapoteza ushahidi ambao hataupata tena.

Kitabu cha gari kinaruhusu oili ya daraja la GL-4 au GL-5 (GL huonyesha kiwango cha kinga ya meno ya gia), uzito, yaani unene, wa 75W-90, kwenye giaboksi na transfa, na kinataka GL-5 pekee kwenye difu, uzito wa 90 kwa mahali ambapo joto halishuki chini ya nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri. Tabora iko kwenye uwanda wenye mwinuko wa mita zipatazo 1,200, na asubuhi za Juni na Julai tunavaa sweta, lakini baridi ya namna hiyo hatujawahi kuiona. Namba iliyo mbele ya herufi W huhusu baridi: 75W hupimwa kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, na 80W kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Namba ya nyuma, yaani 90, hupimwa kwenye nyuzi 100, ambayo ni kazi ya kweli ya gari lililobeba asali katika jua la Septemba. Kwetu sisi, basi, namba ya nyuma ndiyo yenye uzito, na kwa difu nimenunua 80W-90 bila wasiwasi.

Suala la GL linahitaji uangalifu zaidi. Kwenye difu, pinioni (gia ndogo inayoleta nguvu) haikai kwenye mstari wa katikati wa krauni (gia kubwa inayoipokea), kwa hiyo meno hayabingirishani tu. Yanasuguana kwa kuteleza huku yakiwa yamebeba uzito wote wa gari. Oili ya kawaida hukamuliwa ikatoka kati ya meno hayo. GL-5 ina viongezi vingi vya salfa na fosforasi ambavyo, joto la msuguano likipanda, hujenga utando juu ya chuma na kuzuia meno yasigandane. Viongezi hivyohivyo, katika baadhi ya oili, huweza kuila shaba polepole kunapokuwa na joto, na ringi zinazolinganisha mwendo wa gia ndani ya giaboksi ni za shaba. Ingawa kitabu kinaruhusu zote mbili, kwa giaboksi yenye umri huu nimechagua GL-4, na transfa nimeipa oili ileile. Zote nimezinunua katika chupa zilizofungwa kiwandani na zenye nembo ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa lisilo na jina inaweza kuwa nzuri au mbaya, lakini daraja la GL halionekani kwa macho wala halinuswi kwa pua, na difu isiyopata GL-5 haitoi taarifa mapema.

Jumamosi: difu ya nyuma

Gari liliendeshwa kidogo kwenye njia ya Sikonge ili oili ipate uvuguvugu na kuubeba uchafu uliolala chini, kisha likaegeshwa kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa. Usawa huo ni wa lazima, kwa sababu kipimo cha oili ni mdomo wa tundu la kujazia, na gari lililoinamia upande mmoja hudanganya.

Sheria ya kwanza ya kazi hii ni kufungua bolti ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Bolti ya kumwagia hulegea kwa urahisi. Ya kujazia, ambayo huenda haijaguswa tangu kiwandani, inaweza kukwama au kukatika kichwa. Aliyekwisha kumwaga oili na kisha kushindwa kufungua tundu la juu anabaki na gari lisiloweza kutembea hata kufika kwa fundi wa kuchomelea. Bolti ya kujazia ya difu hii ilikataa kwanza. Niliisafisha kwa brashi ya waya hadi pembe zake zikaonekana, nikaigonga kichwani kwa nyundo ili kutu iachane na nyuzi, nikaongeza bomba kwenye mpini wa soketi, na ikatoka ikiwa nzima.

Oili iliyotoka ilikuwa nyeusi na yenye harufu kali ya salfa, ambayo ni harufu halali ya oili ya difu na haimaanishi kuungua. Kwenye sumaku ya bolti kulikuwa na tope la kijivu, laini, ambalo nilipolisugua kati ya vidole sikuhisi punje hata moja. Nililipaka kwenye tambara jeupe nikalitazama juani: hakuna magamba, hakuna vipande vyenye ncha. Tope la namna hiyo ni uchakavu wa kawaida wa meno. Vipande vinavyochoma kidole, au magamba mapana yanayomeremeta, vingenilazimu kuifungua difu yote. Nilimulika kwa tochi kupitia tundu la kujazia nikiizungusha krauni taratibu kwa kuzungusha propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu), na nyuso za meno zilikuwa na mng'ao ulio sawa bila mashimo. Ndani ya rimu za nyuma palikuwa pakavu, kwa hiyo sili za habu, yaani mipira inayozuia oili isivuje kwenye vitovu vya magurudumu, zinashika na oili haiendi kwenye breki. Difu ya nyuma ni nzima, na mvumo wa dereva hautoki huku.

Jumapili: giaboksi na transfa

Siku hii ndiyo iliyobeba mradi. Nilipolegeza bolti ya kujazia ya giaboksi, kabla haijamaliza kutoka, oili ilianza kububujika kupitia nyuzi na kunishukia mkononi. Gari lilikuwa limekaa sawa, na giaboksi iliyojazwa ipasavyo hufika kwenye mdomo wa tundu na kuishia hapo. Giaboksi ya zamani ambayo haijawahi kuongezwa oili haiwezi kuwa na oili nyingi kuliko ilivyowekewa, isipokuwa kama kuna mahali inapoipata. Sikumwaga kitu. Nilirudisha bolti, nikahamia kwenye transfa iliyoshikana nayo kwa nyuma, nikafungua tundu lake la kujazia na kuingiza kidole kilichokunjwa kuelekea chini. Kidole kilitoka kikavu.

Ndipo nilipomwaga kila moja kwenye beseni lake na kupima kwa chupa. Giaboksi ilitoa karibu lita moja zaidi ya kiasi chake, na transfa ilipungukiwa na kiasi kinacholingana na hicho. Hesabu ya vyumba viwili ilikuwa kamili ilhali kila kimoja kilikuwa na makosa, na maana yake ni moja tu: oili haikuvuja nje, ilihama ndani. Kati ya giaboksi na transfa kuna sili iliyozunguka shafti inayopeleka nguvu kutoka chumba cha kwanza hadi cha pili. Mdomo wa sili hiyo ukikakamaa au ukilika, gia za transfa zinazorusha oili kwa kasi huisukuma ipite taratibu kuingia giaboksi. Mafundi wanaoshughulika na magari haya wanaufahamu ugonjwa huu, lakini wenye magari wengi hawajawahi kuusikia.

Mjomba alikuwa amekaa kwenye kiti pembeni akifuatilia.

"Mjomba, transfa imekuwa ikifanya kazi bila oili ya kutosha."

"Mbona uvunguni pakavu? Mimi kila asubuhi namwambia dereva aangalie, na hajawahi kuona hata tone."

"Haikudondoka, Mjomba. Imehamia kwenye giaboksi."

Alinyamaza kidogo, akauliza kama gari limekwisha kuharibika. Nilimwonyesha tambara. Oili ya transfa ilikuwa imeungua rangi na ina unga wa chuma mwingi kuliko wa difu, lakini bado ulikuwa unga, si vipande. "Basi fungua mpaka mwisho, mpwa wangu," alisema. "Gari hili ndilo linalotulisha."

Jambo hili nataka lieleweke vizuri na kila anayelinda gari lake kwa kutazama sakafu. Sakafu kavu inathibitisha kwamba oili haijatoka nje ya gari. Haithibitishi kwamba oili iko mahali inapotakiwa. Transfa yenye oili pungufu huendelea kutembea kwa muda mrefu, kwa sababu gia za chini huchota kiasi kilichobaki, huku beringi za juu zikipata mnyunyizo tu. Dalili pekee huwa ni mvumo mwembamba ambao dereva huuzoea, na kwa kuuzoea huacha kuutaja. Upande wa pili nao una madhara yake: oili iliyozidi kwenye giaboksi huchapwa na gia ikatoa povu, hupanda joto, na huanza kutafuta sili dhaifu ya mbele, ile inayopakana na klachi. Klachi ikilowa, mtu hununua sahani mpya ya klachi na kuiweka juu ya tatizo lilelile. Hakuna njia ya kuyajua haya isipokuwa kufungua tundu na kuingiza kidole.

Oili ya giaboksi ilikuwa na kitu kingine: vumbi la rangi ya dhahabu lililoonekana tambara lilipogeuzwageuzwa juani. Hiyo ni shaba ya ringi za kulinganisha gia, na inaeleza kukwaruza kwa gia ya pili, ambayo ndiyo ringi yake hufanya kazi nzito zaidi dereva anaposhuka kutoka gia ya tatu akiwa na mzigo. Sumaku haishiki shaba; anayetegemea sumaku peke yake hawezi kuiona. Nilijaza vyumba vyote viwili hadi mdomo wa tundu, nikasubiri oili itulie, nikaongeza kidogo, nikafunga kwa washa mpya.

Jumatatu jioni: difu ya mbele

Oili iliyotoka huku ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, nzito na iliyovimba. Ni maji yaliyochapwa pamoja na oili kwa muda mrefu, na oili ya namna hiyo haiwezi tena kujenga utando kati ya meno. Beringi huanza kupata kutu gari linapolala.

Njia ya maji ilikuwa rahisi kuipata. Juu ya ekseli kuna kipumulio, kijibomba chenye kifuniko kinachoruhusu hewa kutoka difu inapopata joto. Kifuniko hiki kilikuwa kimeganda kwa udongo mgumu wa mbuga. Difu ikiwa ya moto kisha ikatumbukia kwenye maji ya baridi, hewa iliyo ndani hunywea ghafla na kuvuta chochote kilicho karibu; kipumulio kikiwa kimeziba, mvuto huo huhamia kwenye sili za pinioni na za hafu shafti (shafti zinazotoka difu kwenda kwenye magurudumu), na maji hupita hapo. Kwa hiyo kuvuka mto papo hapo baada ya safari ndefu ni hatari kuliko kuvuka gari likiwa limepumzika kidogo, na dereva amekubali kusimama kivulini kwa muda kabla ya kuingia majini.

Sikutumia dizeli wala mafuta ya taa kuoshea, kwa sababu yanabaki kwenye mifuko ya ndani ya ekseli na kuipunguza nguvu oili mpya. Nilijaza GL-5 ya bei nafuu, nikainua magurudumu ya mbele juu ya stendi, nikafunga habu ili magurudumu yashikane na difu, na kuyazungusha kwa mkono muda wa kutosha, nikaimwaga. Nilirudia mpaka oili ikatoka bila ukungu, ndipo nikaweka ile ya kudumu. Meno ya krauni ya mbele yana madoa machache ya kutu ambayo hayajachimba chuma. Difu ya mbele haibebi mzigo siku zote, na hilo limeisaidia.

Upande wa kushoto kuna kazi ambayo haikuwa kwenye mpango. Nyuma ya gurudumu, kwenye kitovu kinachogeuka usukani ukikatwa, pale sili ya kufutia inapozunguka tufe la chuma, kulikuwa na utelezi mweusi mwepesi badala ya grisi nzito. Nilifungua kibolti cha juu na kuchovya waya: grisi ya ndani imekuwa majimaji. Sili ya hafu shafti ya upande huo imeruhusu oili ya difu iingie na kuyeyusha grisi inayolisha jointi ya gurudumu. Bado jointi haigongi usukani ukikatwa hadi mwisho, upande wowote. Kuifungua kunataka siku nzima, sili mpya na grisi ya molibdenamu, kwa hiyo nimeiandika kama kazi inayofuata, na kwa sasa kiasi cha oili kwenye difu ya mbele kitaangaliwa mara kwa mara.

Vipumulio na propela

Vipumulio vya ekseli zote mbili nimevitoa na kuweka mahali pake vichwa vya kuunganishia mpira. Mpira wa mafuta umepitishwa kando ya chesisi, wa mbele ukapanda hadi juu ndani ya chumba cha injini, wa nyuma ukapanda hadi nyuma ya kebini, na kila mmoja una kichujio kidogo mwishoni. Mpira una ulegevu wa kutosha ili ekseli ishuke na kupanda bila kuukata. Ni kazi ya gharama ndogo sana ukilinganisha na bei ya krauni na pinioni.

Propela hazikuwa na tatizo. Krosi, yaani viungo vya propela vinavyojikunja, zilipokea grisi hadi ile ya zamani ikatokeza pande zote nne. Kwenye sehemu inayoteleza, grisi imetiwa kwa kiasi, kwa sababu ikijazwa kupita kiasi haina pa kwenda na huizuia propela isijifupishe ekseli inapopanda.

Oili chafu yote imewekwa kwenye madumu yaliyoandikwa na itapelekwa kwenye gereji inayokusanya. Haikumwagwa uwanjani; nyumba nyingi za mtaa wetu zinatumia visima. Nimemsihi pia kijana anayesaidia kupakia kwamba ndoo yoyote iliyoingia oili isirudi kwenye asali, hata ioshwe namna gani.

Wiki iliyofuata: baada ya safari ya Ipole

Gari limekwenda Ipole na kurudi na mzigo. Difu ya nyuma iko kwenye mdomo wa tundu. Difu ya mbele imepungua kidogo mno, na oili yake ni safi na haina rangi ya maji. Mvumo wa chini ya sakafu umepungua sana kwa maelezo ya dereva, na nilipopanda naye nilikubaliana naye, ingawa haujaisha wote. Beringi iliyokosa oili kwa muda mrefu haiponi kwa kupewa oili.

Transfa, kama nilivyotarajia, imeanza kushuka, na giaboksi imeanza kudondosha kwenye tundu inapofunguliwa. Kasi yake si kubwa. Kuna wanaoishi na hali hii kwa kumwaga ziada kutoka giaboksi na kuirudisha transfa kila baada ya muda, na kwa kuwa vyumba vyote viwili vina oili ya aina moja, njia hiyo haina madhara kwa anayeifuata kwa nidhamu. Sikuipenda kwa gari hili. Linapokuwa msituni wakati wa msimu, hakuna atakayelala chini yake na soketi ya 24, na sili yenyewe ni kitu kidogo. Mjomba ameagiza sili na gasketi kutoka Dar es Salaam, zije na basi.

Septemba: transfa imeshushwa

Fundi wa gia aliyenifundisha kazi hii alikuja kusaidia, kwa sababu transfa ni nzito na haifai kushushwa na mtu mmoja. Propela zilitolewa kwanza, kisha nyaya na fimbo za gia, na transfa ikateremshwa juu ya jeki ya toroli.

Sili ya zamani ilikuwa ngumu. Mpira wa mdomo wake, ambao unapaswa kukunjika chini ya ukucha na kurudi, ulipasuka ulipobonyezwa. Fundi alinivuta nitazame shafti.

"Umeona huu mstari?"

Nilipitisha ukucha. Mdomo wa sili ulikuwa umechimba mfereji mwembamba kuizunguka shafti yote, na ukucha ulinasa humo.

"Ukiipiga sili mpya mpaka mwisho, mdomo utakaa kwenye mfereji huohuo na utavuja kabla ya mvua. Iache nje kidogo, ikae kwenye chuma kizima."

Tulifanya hivyo. Sili iliingizwa kwa kipande cha bomba chenye kipenyo kinacholingana, ikasimamishwa ikiwa imechomoza kidogo kuliko ile ya kwanza lakini bado ndani ya nyumba yake, na fundi aliihakiki pande zote isije ikakaa upande. Mdomo ulipakwa grisi ili usianze kazi mkavu. Tulipokuwa na transfa mezani tulizungusha beringi zake kwa mkono: moja ya zile za juu ina mkwaruzo mdogo, na humo ndimo unamotoka mvumo uliobaki. Fundi ameshauri iendelee kwa sasa na ibadilishwe siku transfa itakapofunguliwa yote, na nimeona ushauri huo una mantiki, kwa kuwa mchezo wa shafti, yaani ulegevu wake, haujaongezeka.

Gari limerudi kazini na limeshatembea Sikonge, Ipole na Urambo. Transfa inagusa mdomo wa tundu, giaboksi haidondoshi inapofunguliwa, na kipimo kimebaki hivyo kila nilipokiangalia. Gia ya pili bado inakwaruza kwa dakika za kwanza za asubuhi, kidogo kuliko zamani. Ringi yake imelika, na dereva ameelezwa aiingize polepole mpaka gari lipate joto. Daftari sasa lina ukurasa wa oili ya gia, wenye tarehe, kilomita, aina ya oili na maelezo ya kilichoonekana kwenye tambara kwa kila chumba. Sili za hafu shafti ya kushoto na grisi ya molibdenamu zimeshanunuliwa, na kazi hiyo imepangwa ifanyike kabla ya mvua za Novemba.